Mama Mkwe, Bahili wa Takataka

Mama mkwe wangu alikuwa mkarimu kwa kila kitu isipokuwa takataka. Mgeni angepewa samaki wa mwisho chunguni na kitanda chenye godoro, yeye mwenyewe alale mkekani, na asubuhi aseme amelala vizuri sana. Lakini ukitupa ganda la ndizi nje ya ua wake, ulikuwa umemwibia.

Nililijua hilo wiki yangu ya kwanza ya ndoa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimetoka Ntimaru upande wa Wakuria, nimeolewa kwa Wajaluo karibu na Kosele, na nilitaka sana kuonekana mchapakazi. Nikaamka mapema, nikafagia ua wote, nikakusanya majani, maganda na makapi ya mahindi, nikayatia moto kama tulivyofanya shuleni. Moshi haujafika hata usawa wa paa, nikamwona anatoka nyumbani kwake mbio, leso imemfunguka kiunoni.

"Nyar Ntimaru! Nani amekufa?"

Kwao moto mkubwa uani huwashwa mwanamume wa boma anapofariki. Nikashtuka. "Hakuna aliyekufa, Mama."

"Basi hii moto ni ya nini?"

Hakungoja jibu. Alichukua ndoo ya maji niliyoiteka mwenyewe, akaumwagia moto, kisha akachutama na kuanza kuokota kwa mkono vile vilivyokuwa havijaungua, akivitia ndani ya karai. Alipomaliza alinitazama, akaona machozi yananilengalenga, akacheka.

"Umefagia vizuri," akasema. "Umefagia kuliko mimi. Lakini hiyo umechoma ni chakula ya shamba. Ungechoma ugali yangu, ningekusamehe haraka."

Nyar Ntimaru maana yake ni binti wa Ntimaru, na tangu siku ile hakuniita kwa jina lingine. Mimi nilimwita Mama. Tulizungumza Kiswahili kwa sababu hatukuwa na njia nyingine: mimi sikujua Kijaluo, yeye hakujua Kikuria. Kiswahili changu kilikuwa cha darasani, cha kusahihisha insha. Chake alikiokota sokoni, enzi alipokuwa akinunua samaki wa Mfangano na kuja kuwauza Kosele, na kwake kila kitu kilikuwa "hii" au "hiyo". Mwanzoni nilikuwa nikimsahihisha kimoyomoyo. Baadaye nikajikuta mbele ya darasa la tano nikisema "hii mti", watoto wakaangua kicheko. Jioni nilipomsimulia, alifurahi kama mtu aliyepata mwanafunzi.

Lile karai lilikuwa kama kiungo cha mwili wake. Akienda kisimani, alikwenda nalo chini ya ndoo. Akienda kumjulia hali mgonjwa, alirudi nalo limejaa kinyesi cha ng'ombe alichokiokota njiani, kimefunikwa kwa jani la ndizi kwa heshima ya wapita njia. Magamba ya samaki, majivu ya jikoni, maganda ya karanga, manyoya ya kuku, hata nyasi kuukuu za paa la jirani lililoezuliwa, vyote vilikwenda shambani kwake. Majirani walimtania. Kijana mmoja wa pale senta alimwita "Halmashauri" kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa akisafisha njia. Alimjibu kwamba Halmashauri huzoa kisha ikatupa, yeye huzoa akala.

Alikuwa Msabato wa dhati, na siku ya Sabato hakugusa kazi yoyote. Hapo ndipo nilipoona mtu anavyoweza kupasuliwa katikati na mapenzi mawili. Jumamosi moja tulikuwa tukirudi kanisani, yeye na vazi lake jeupe, tukakuta njiani kundi la ng'ombe limepita na kuacha mali ya kutosha. Alisimama. Akatazama mbele, akatazama nyuma. Kisha akavunja vijiti kwenye kichaka, akachomeka kimoja juu ya kila lundo, taratibu, kama anayeweka mishumaa.

"Mama, si hiyo ni kazi?" nikamuuliza.

"Sijabeba kitu," akasema. "Nimeweka alama tu. Mungu anajua ni yangu, watu ndio hawajui."

Jua lilipotua na Sabato kuisha, alitoka na karai lake. Hakuna hata lundo moja lililokuwa limeguswa. Katika kijiji kizima, kila mtu alijua vijiti vile ni vya nani.

Kila mwaka kabla ya mvua ndefu watu wa pale Kosele walikuwa wakisafisha mashamba kwa moto. Walirundika mabua na magugu makavu, wakawasha, na kwa siku kadhaa vilima vyote vya kushukia ziwani vilifuka moshi. Shamba lililoungua lilionekana safi, jeusi, tayari kwa jembe. La Mama lilionekana kama la mtu mgonjwa. Mabua yake aliyalaza chini kwa mistari, majani yakaoza juu yake, mchwa wakajenga. Wageni walidhani mwenye shamba hana nguvu. Yeye alikaa mlangoni akitazama moshi wa wengine na kutikisa kichwa. "Angalia," aliniambia. "Wanachoma mwaka kesho."

Mimi sikuhitaji kushawishika sana, maana nilikuwa nimeona kwetu. Baba yangu alikuwa akilima tumbaku. Kukausha majani ya tumbaku kunataka kuni, na kuni zilitoka kwenye miti yetu, kisha ya babu, kisha ya yeyote aliyekubali kuuza. Msimu baada ya msimu tulilima udongo uleule, tukaunyang'anya kila kitu, hatukuurudishia chochote. Nilipokuwa mdogo udongo wa kwetu ulishika miguu kama unga uliokandwa. Nilipoolewa ulikuwa umepauka, mgumu wakati wa jua na mwepesi kama vumbi wakati wa upepo, na mvua ikinyesha maji yaliteremka juu yake yakaenda zake. Nilimsimulia Mama hayo siku moja tukipukuchua mahindi. Alimaliza kwanza gunzi lililokuwa mkononi.

"Na baba yako anasema nini?"

"Anasema mvua za siku hizi ni mbaya."

"Usimwambie si mvua," akasema. "Mtu akizeeka, mwachie kitu ya kulaumu."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ulimi wake ulikuwa mkali kwa mambo madogo, na kwa mambo makubwa ulilainika ghafla, ukabaki hujui ushike lipi. Mbuzi wa jirani akiingia shambani, kijiji chote kilijua. Mikaratusi aliyoipanda kando ya shamba, akiamini kwamba majani ni majani na yote yatarutubisha, ilinyonya maji mpaka mahindi ya karibu nayo yakawa ya kimo cha goti. Kila mtu aliona isipokuwa yeye. Ukimtajia, alisema kivuli hakijawahi kuua mtu. Aliitetea miaka mingi, kisha asubuhi moja akamwita mwenye msumeno, akaikata yote, na hakutaka tena izungumzwe.

Upande wa chini wa shamba alikuwa na kipande alichokiita "yule anayelala". Alikiacha bila kulima misimu mfululizo. Kiliota nyasi, vichaka, na mitoo, ile mboga chungu ya maua ya manjano, ambayo aliipanda kwa kutupa mbegu tu na kupita. Alikuwa amegundua kwamba baada ya mitoo mahindi hutoka na rangi nyingine. Katika nchi ya mvua nyingi jambo hili lisingemshangaza mtu. Pale Kosele, ambako mvua hukatika mahindi yakiwa kifuani, na ambako kayongo, lile gugu la maua ya zambarau, hunyonya mizizi ya mahindi mpaka yanajikunja, kuacha ardhi bila jembe lilikuwa jambo la kugombanisha watu.

Na waligombana. Kwa mila ya pale mama wa boma ndiye anayepanda kwanza, ndipo wake za wanawe wafuate. Mwaka mmoja mvua zilipoanza, Mama hakutia mbegu. Alisema na upande wa juu nao umechoka, anataka kuulaza. Siku zikapita, ardhi ikiwa tayari, na sisi tumekaa na mbegu majumbani. Mke wa shemeji yangu mkubwa alikuja kwangu amefura. "Mwambie wewe," akasema. "Wewe ni mgeni, atakusikiza. Watoto watakula kulala kwa shamba?"

Nikaenda. Mama alinisikiliza, akaingia ndani, akatoka na konzi moja ya mtama. Akachimba vishimo nyuma ya jiko, akapanda, akafukia kwa kisigino.

"Nimepanda," akasema. "Endeni." Kisha, nikiwa nimegeuka kuondoka: "Mbona hamkuniambia mapema? Mimi nilifikiri mnapumzika na mimi."

Kitu kimoja alichokiwekea kinyongo ni ng'ombe wa mumewe. Baba mkwe sikumkuta hai, lakini nilimfahamu kupitia malalamiko. Kila alichopata alikigeuza ng'ombe. Paa lilivuja, akanunua ng'ombe. Watoto walihitaji viatu, akanunua ng'ombe. "Mimi nilikuwa bibi ya pili," Mama alikuwa akisema. "Ng'ombe ndio ilikuwa bibi mkubwa." Mzee alipofariki, ng'ombe wakaisha kwa ugonjwa na matanga, na zizi likabaki mahali patupu upande wa juu wa nyumba. Mama hakupalima. Alisema hataki kuinama mahali pale.

Basi akaja mtafiti, mwanamke kijana mwenye kofia ya nyasi na bomba la chuma la kutobolea ardhi. Alikuwa akizunguka mashamba ya wilaya kulinganisha udongo unaolimwa kila msimu, udongo uliopumzishwa, na udongo wa malisho. Alikuwa mpole na mwenye subira, na Mama alimpenda mara moja kwa sababu alijaza tena kila shimo alilotoboa. Alichukua udongo wa shamba la shemeji linalolimwa kila mwaka, wa "yule anayelala", na kwa kuwa aliona pale juu pana rangi tofauti, akachukua na wa zizi la zamani.

Miezi ikapita, tukadhani amesahau. Siku moja akarudi, akaketi na sisi chini ya ukingo wa paa, akaeleza kwa Kiswahili cha kueleweka. Alisema mabaki ya vitu vilivyooza ndiyo yanayoupa udongo weusi wake, nayo yana kaboni ndani, na ndiyo yanayoshika maji jua linapokuwa kali. Ukilima bila kupumzisha na ukachoma mabua, ile kaboni inapanda hewani na haikuagi. Alisema naitrojeni ndiyo inayolipa jani kijani chake, na kwamba mitoo na maharagwe huivuta kutoka hewani na kuihifadhi mizizini. Mama alikuwa akiitikia kwa kichwa kama anayesikia habari za jamaa zake.

"Sasa yangu, yule anayelala," akauliza, "ni namba moja?"

"Ni mzuri, Mama. Unapita sana ule unaolimwa kila mwaka," yule mtafiti akasema. "Lakini namba moja ni ule wa juu. Pale palipokuwa na zizi. Ng'ombe walikuwa wakila huko nje mchana, usiku wanakuja kuacha hapa. Samadi ya miaka yote hiyo imelundikana. Bado iko pale."

Niliogopa amekasirika. Alitazama kule juu ambako hakuwahi kuinama, na mkono wake ukawa unakunja na kukunjua pindo la leso.

"Kumbe," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo, "mzee alikuwa analima."

Msimu uliofuata alipanda mboga pale zizini, sukuma wiki na kunde, akainama kama mahali pengine popote. Sikumsikia tena akimlalamikia mumewe. Wakati mwingine nilimsikia akizungumza peke yake huko juu kwa Kijaluo, na ingawa kufikia hapo nilikuwa nimeanza kuelewa, nilikuwa nikipita mbali.

Nimechelewa kusimulia la moto wa shemeji kwa sababu mpaka leo linaniuma. Shemeji mkubwa alirudi nyumbani baada ya kupunguzwa kazi mjini. Alirudi na sanduku moja la mabati, mwanamume wa makamo asiye na la kufanya, na mwaka ule chakula kilikuwa haba. Alipigapiga hatua uani kama mtu aliyefungiwa. Mara aseme atakwenda Migori kukodi shamba la tumbaku, mara aseme ataenda visiwani kuvua. Nyakati zile vijana waliokwenda fukweni walikuwa wakirudi wamekonda kwa ukimwi, wanarudi kufa, na kila alipotaja visiwa Mama aliacha alichokuwa akifanya.

Dada yake Mama aliyeolewa Mfangano alifariki, Mama akaenda matangani. Hayupo, shemeji akachukua panga akaingia kwa "yule anayelala". Akafyeka nyasi, akafyeka vichaka na mitoo, akaacha vikauke, akatia moto. Nilikuwa shuleni nikauona moshi, nikaomba ruhusa, nikakimbia.

"Shemeji, Mama amekubali?"

Alikuwa amesimama na tawi bichi la kuzuia moto usivuke, macho mekundu kwa moshi. "Mama halishi watoto wadogo," akasema. "Ardhi imelala inatosha. Iamke ifanye kazi kama sisi wote."

Siku Mama aliporudi nilikwenda kumngoja barabarani ili nimwambie kwanza. Nilimweleza tukitembea, yeye na mfuko wake wa samaki kichwani. Tulipofika kwenye kipande kile akasimama. Kilikuwa cheusi kutoka mwanzo hadi mwisho. Akavua viatu, akaingia, akachota jivu, upepo ukalichukua kiganjani mwake. Shemeji alikuwa upande wa pili wa ua, mikono nyuma kama mwanafunzi, mtu mwenye mvi masharubuni.

"Umekula?" Mama akamuuliza.

"Mama, mimi nilikuwa..."

"Nauliza umekula."

"Bado."

"Nimeleta samaki. Kuja."

Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika katika boma lile. Mwanamke aliyeuzima moto wangu kwa ajili ya majani ya uani, leo anapika samaki! Jioni nilimwambia hivyo, kwa adabu kadiri nilivyoweza. Alikuwa akisugua chungu. Hakuinua macho.

"Nyar Ntimaru, wewe unataka nishinde," akasema. "Mimi nataka abaki hapa. Shamba ikiungua, inaweza kurudi. Pole pole, lakini inarudi. Huyu akienda kwa hiyo visiwa, nitamrudisha na mbolea gani?"

Mwaka ule mahindi ya shemeji yalikuwa marefu kuliko ya mtu yeyote. Ardhi ilikuwa imetoa akiba yake yote mara moja. Alitembea akisifiwa, na Mama alimsifu pia. Mwaka wa pili yalikuwa mahindi ya kawaida. Mwaka wa tatu maua ya zambarau ya kayongo yalitokeza mstari kwa mstari, na mahindi yakasimama manjano kama yana homa. Shemeji aliacha kupita njia ile.

Mama hakumwambia "nilikwambia". Asubuhi moja tu tulimwona anashuka na karai kichwani, akapita shamba lake mwenyewe, akaenda kulimwaga kwa mwanawe. Kesho yake vivyo hivyo. Alikuwa ameanza kuchoka miguu, akawa anapumzika njiani. Shemeji alimtazama akiwa mlangoni. Sijui alikuwa akifikiri nini. Ninachojua ni kwamba siku moja alitoka, akamkuta amekaa katikati ya njia, akalitwaa karai, akajitwika kichwani na kushuka nalo. Mwanamume mzima, na karai la samadi, mbele ya watu. Mama alibaki amekaa palepale. Nilipofika kumwinua alikuwa akilia, na aliponiona akasema ni vumbi.

Kisha mume wangu akapata kazi Migori mjini, nami nikahamishiwa shule ya huko. Tulirudi Kosele likizo kwa likizo. Ziara ninayoikumbuka zaidi ni ya mwishoni mwa miaka ile ya tisini. Mvua zilikuwa zimeanza vizuri kisha zikakatika, na njia nzima kutoka stendi mahindi ya watu yalikuwa yamekunja majani kama miavuli. Macho ya Mama yalikuwa yamefunikwa na ukungu. Alinitambua kwa hatua. Hata kabla sijanywa uji akaniambia, "Nipeleke kwa shamba ya bwana mkubwa." Ndivyo alivyomwita shemeji siku hizo.

Nilimshika mkono tukashuka taratibu. Shemeji alikuwa amelaza mabua kwa mistari, na kati ya mahindi ameotesha kunde na mitoo. Mahindi yake hayakuwa ya ajabu, lakini yalikuwa yamefungua majani. Mama akataka kukaa. Nikamsaidia. Akaingiza mkono chini ya mabua mpaka kwenye kifundo, akakaa hivyo muda mrefu akisikiliza kitu ambacho mimi sikukisikia, kisha akautoa akiwa amefumba ngumi. Hakusema anachukua nini. Tulirudi hivyo, mkono mmoja kwangu, mmoja umefumbwa.

Nyumbani chakula kilikuwa tayari. Shemeji alikuja kunisalimu, akasimama mlangoni. Nikaleta birika na beseni nimnawishe Mama. Badala ya kutoa mikono, alipapasa mpaka akaufikia uso wangu, akafungua ngumi ya udongo chini ya pua yangu.

"Inanuka nini?"

Nikanusa. "Inanuka mvua, Mama."

"Mvua imetukataa mwezi mzima," akasema. Kisha, kwa sauti ya mtu anayetaka asikike mpaka mlangoni: "Hiyo unasikia ni kijana yangu amefanya."

Shemeji aliinamisha kichwa, akaanza kufuta viatu vyake ambavyo havikuwa na tope. Nikamimina maji. Mama alinawa mkono wa kulia tu. Wa kushoto aliufumba tena akauweka mapajani, na hakuufungua mpaka tulipomaliza kula.